Karibu ya Babu: ndege ya makopo na swali la injini

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuniuliza pale kafeteria kama nimeacha kuandika au nimepata mchumba. Sijaacha, na mchumba sina. Nilikuwa na ndege. Ndiyo, ndege. Wale mliowahi kuingia chumbani kwetu muhula uliopita mliiona juu ya kabati, imefunikwa kanga, mkacheka mpaka mkakaa chini. Leo naeleza ilikuwa ya nini, imeishia wapi, na kwa nini matokeo yametoka nikiwa na sapu ya Themodainamiki. Chukueni chai, stori ni ndefu.

Nianze na nyumbani. Kwetu ni Ngara, upande wa Rulenge, kule ambako ukisema unatoka watu wanakuuliza "hiyo ni Tanzania au Burundi?" Ni Tanzania, asanteni. Babu yangu, mdogo wake babu mzaa baba, haishi Ngara. Alipostaafu jeshi alihamia Biharamulo mjini kwa mkewe, na nyumba yake haiko mbali na ile boma ya Wajerumani. Kila likizo lazima nipite kwake kabla ya kufika nyumbani. Nashuka Lusahunga, napanda Hiace ya Biharamulo, nalala kwake siku mbili tatu, ndipo narudi njia panda kutafuta gari la Ngara. Nisipofanya hivyo mama ananiuliza kama nimekosa adabu chuoni.

Babu alikuwa fundi wa ndege. Aliingia jeshini 1969 akiwa kijana. Wakati huo, kuanzia 1965 hadi 1970, Wakanada walikuwa hapa nchini kulifundisha jeshi letu, na kikosi cha anga kilikuwa na ndege za de Havilland Canada: Otter zenye injini moja, na Caribou zenye injini mbili. Babu aliwekwa kwenye Caribou. Sasa sikilizeni hili. Caribou ni mnyama wa Kanada, kama swala mkubwa mwenye mapembe ya matawi. Babu yeye anaitamka "Karibu". Mimi nimekua nikiamini jeshi letu lilikuwa na ndege inayoitwa Karibu, yaani karibu ndani, karibu chai. Nilijua ukweli nikiwa kidato cha pili, na niliumia kidogo.

Kwa wasioijua: ni ndege ya mizigo, bawa liko juu, mkia umeinuka, nyuma kuna mlango unaofunguka chini kama mdomo wa mamba. Iliruka mara ya kwanza 1958, zikatengenezwa 307. Bawa kwa bawa ni mita 29 na kitu, urefu mita 22. Inabeba askari 32. Sifa yake kubwa ni kwamba haihitaji uwanja wa maana. Kiwanja cha vumbi, majani, mbuzi wafukuzwe kwanza, inatua na kuondoka. Kwa nchi kama yetu miaka ile, ambapo Ngara na Biharamulo kufika kwa gari ilikuwa safari ya kuaga ndugu, mnaelewa kwa nini Babu aliipenda.

Likizo ndefu iliyopita nilimkuta Babu amekaa barazani, ananisikiliza nikija kabla hajaniona.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Ni wewe? Sogea upande huu."

Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwisha. Presha ya macho. La kulia bado lilikuwa linaona, lakini anasema ni kama kuangalia ndani ya bomba: katikati unaona, pembeni giza. Alishaambiwa hospitali kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kuzuia tu. Kwenye dirisha kulikuwa na vichupa vya dawa ya macho vilivyokwisha, amevipanga kwa mstari kama gwaride. Fundi huyo, hatupi kitu.

Usiku ule, baada ya kula, akaniambia: "Wewe si unasoma uhandisi wa mitambo? Nitengenezee Karibu. Utotoni ulikuwa unatengeneza magari ya waya, mkono unao."

Nikasema sawa Babu, nitakutengenezea, ya kijani kijani, na nembo ya jeshi.

Akasema: "Hapana. Ile niliyoifanyia kazi naijua, sihitaji kuiona tena. Nitengenezee ile tuliyokuwa tunaibishania." Kumbe miaka ya sabini, wakati wa chai, yeye na mafundi wenzake walikuwa na ubishi mmoja usioisha: Karibu ingewekewa injini nyingine, ingekuwa injini gani? Kila mtu na yake. Bodi walikuwa hawana ugomvi nayo. Injini tu. "Tulibishana miaka, hakuna aliyeshinda," akasema. "Chagua wewe, wewe ndiye msomi. Lakini fanya mapema, hili lililobaki nalo linaniaga."

Hapo ndipo nilipoingia mtegoni, jamani.

Wenzetu huko nje wana mchezo wao unaitwa "vipi kama". Unatengeneza ndege ya mfano kwa skeli, kila kitu kwa vipimo, halafu unaibadilisha kitu ambacho haikuwahi kuwa nacho. Rangi ya nchi nyingine, silaha nyingine, injini nyingine. Raha yake iko kwenye sababu. Ukibandika tu chochote, umefanya katuni. Ukiweza kueleza kwa nini ingewezekana, umefanya kazi. Wao wananunua vifurushi vya plastiki madukani. Mimi nina bumu ambalo nikilipokea linapita mkononi kama maji ya Ruvubu, kwa hiyo nilitumia ninavyovijua tangu utoto.

Watoto wa Ngara mnaosoma hapa mnajua makopo ya mafuta ya msaada, yale yaliyoandikwa USA. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo, watu karibu robo milioni kwa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Baadaye wakimbizi wakaondoka, makopo yakabaki. Yametengeneza milango, vibatari, mapipa ya mahindi, paa za mabanda ya kuku. Mama alikuwa bado na mawili ya kuwekea sukari guru. Nikachukua moja. Alipogundua nilikuwa nimeshafika Kahama, na simu aliyonipigia sitaisimulia hapa. Kwa mbavu za bodi nikachukua mabua ya mtama, na kwa matairi kandambili ya bluu. Skeli nikaamua 1 kwa 48: bawa sentimita 61, urefu sentimita 46. Ndogo ya kubebeka, kubwa ya kushikika.

Sasa injini. Hapa ndipo nilipoteza muda wangu wa kusoma, na sijuti sana.

Injini ya asili ya Karibu ni Pratt & Whitney R-2000. Ni ya pistoni, silinda 14 zimezunguka kama petali za alizeti, safu mbili, saba mbele na saba nyuma. Ujazo wake ni lita karibu 33, nguvu farasi 1,450. Ni ndugu wa ile injini ya Dakota, wameongeza upana wa silinda tu. Kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo injini moja plagi 28, ndege nzima plagi 56. Babu aliwahi kuzibadilisha zote 56 kwa siku moja na bado anaisimulia kama harusi. Kabla ya kuwasha asubuhi mnazungusha propela kwa mkono kwanza, kwa sababu usiku oili inashuka kwenye silinda za chini, na ukiwasha ikiwa imejaa unavunja injini. Na inakunywa petroli maalumu ya ndege, siyo mafuta ya jeti. Hilo ndilo liliiumiza duniani kote: petroli hiyo ilizidi kuwa adimu na ghali kila mwaka, na spea za injini iliyoacha kutengenezwa zamani ukizitafuta ni kama kutafuta meno ya kuku. Australia walizirusha Caribou zao mpaka 2009, lakini kwa kazi ngumu.

Mgombea wa kwanza: Wright Cyclone ya silinda tisa, R-1820. Nguvu karibu zile zile, plagi 18 badala ya 28. Kwa fundi ni ahueni. Lakini ni ya pistoni vile vile, petroli ile ile, umri ule ule. Ni kama kuachana na mke mzee ukaoa dada yake mkubwa. Nikaikata.

Mgombea wa pili: Rolls-Royce Dart. Hii ni turbini ya propela, na ilikuwa inajulikana huku kwetu kabisa, kwa sababu shirika la East African Airways lilikuwa na Fokker F27 zenye Dart tangu miaka ya sitini, mpaka shirika lenyewe likafa 1977. Kwa hiyo mafundi wanaoijua walikuwepo hapa hapa Afrika Mashariki, na inakunywa mafuta ya jeti. Nguvu zaidi ya farasi 1,800. Tatizo: ina kiu kweli kweli, hasa ikiruka chini chini, na Karibu maisha yake yote ni chini chini. Na kelele yake, nasikia, ilikuwa ya kutoboa masikio. Nikaiweka pembeni, lakini moyo ulibaki kwake kidogo.

Mgombea wa tatu ndiye aliyeleta vita chumbani: General Electric T64. Mwenzangu wa chumba, mtoto wa Tukuyu anayesoma umeme, alipoiona kwenye orodha akasema mjadala umefungwa. "Farasi 3,133 kila upande! Mara mbili! Unaangaika na nini?" Na kusema kweli hoja anayo, kwa sababu hili si la kubuni tu. Mwaka 1961 Wakanada wenyewe waliichukua Caribou moja wakaifunga T64 ili kuijaribu injini hiyo. Ikaruka. Kutoka hapo walikuja kutengeneza ndege mpya kabisa, DHC-5 Buffalo, iliyoruka 1964, na Buffalo nazo baadaye zilikuja kwetu.

"Basi," nikamwambia, "nikiweka T64 sijatengeneza Karibu. Nimetengeneza Buffalo iliyokosea mkia."

Akasema naogopa nguvu. Tukabishana mpaka jirani akagonga ukuta. Ngoja niwaeleze kwa kifupi nilichomweleza, mseme nani alikosea. Ndege ya injini mbili lazima uiwazie siku injini moja imekufa. Iliyobaki inavuta upande mmoja, ndege inataka kugeuka, na kinachoizuia ni mkia. Mkia wa Karibu ulipimwa kwa farasi 1,450. Ukiweka 3,000 upande mmoja na sifuri upande wa pili, kwa mwendo mdogo wa kuondokea, mkia ule unazidiwa. Ndiyo maana Buffalo wakaijengea mkia mwingine, wenye umbo la herufi T. Nguvu hazibandikwi tu, mwili wote unapaswa kuzibeba. Alikaa kimya, halafu akasema: "Sawa, lakini ingeruka vizuri siku injini zote zinafanya kazi." Huyo ndiye atakuja kuwafungia umeme majumbani mwenu.

Mgombea wa nne: PT6. Hii mmewahi kuisikia hata kama hamuijui. Cessna Caravan zote zinazopeleka watalii mbugani na Zanzibar zina PT6. Twin Otter zina PT6. Ni turbini ndogo, ya pauni na si ya tani: aina kubwa inayofaa Karibu, PT6A-67T, haifiki kilo 300, wakati R-2000 inazidi kilo 700. Nguvu farasi 1,424, yaani ile ile karibu na ya asili, kwa hiyo mkia haulalamiki. Inakunywa mafuta ya jeti, na mafundi wake wako kila uwanja. Na hii nayo si ndoto: Marekani kampuni moja ilibadilisha Caribou kuwa na PT6, ikaruka Novemba 1991. Mwaka uliofuata, Agosti 1992, ndege ile ile ilianguka Gimli, Kanada, ikaua waliokuwemo. Kosa halikuwa la injini. Kufuli za kuzuia upepo usitikise mikia na mabawa ndege ikiwa imeegeshwa hazikuwa zimeondolewa zote kabla ya kuruka. Nilisoma hilo saa nane usiku nikafunga kitabu cha Themo nikalala. Ndiyo, hicho hicho cha sapu.

Uamuzi ukawa PT6. Nikaona nimeupiga mwingi: sababu ninazo, takwimu ninazo, Babu atafurahi.

Kwa boneti za injini nilikuwa na siri. Vile vichupa vya dawa ya macho vya dirishani kwa Babu, nilimwomba vinne nikaja navyo. Kichupa kile kimenyooka halafu kinachongoka mbele, ukikilaza ni pua ya turbini kabisa. Nikakifunika bati, nikatia ekzosi kwa mirija ya kalamu, propela za pala tano nikazikata kwenye kopo. Nikaweka ekzosi nyuma, kama gari. Zimekauka, nimepaka rangi, ndipo nikaangalia picha vizuri. PT6 iko kinyume! Hewa inaingia kwa nyuma ya injini na moshi unatokea mbele, karibu na propela. Nikabandua zote. Halafu kosa la pili: turbini ni nyepesi, kwa hiyo wanaoibadilisha wanaisogeza mbele zaidi ili uzani wa ndege usihame, ndiyo maana pua zinakuwa ndefu. Za kwangu zilikuwa fupi, na ndege nikiiweka mezani inakaa kwa mkia kama mbwa anayesubiri mfupa. Nikarefusha pua, nikajaza nati kwenye kichwa cha ndege, ikasimama. Nikagundisha kila kitu kwa supaglu, vidole vitatu vikiwemo.

Likizo fupi ikafika. Safari ya zaidi ya kilomita 1,200 nikiwa na ndege mapajani. Konda aliniuliza kama niilipie siti. Morogoro mtoto mmoja akalia anaitaka. Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, bawa linamgusa mama wa pembeni na mama wa pembeni ananisamehe, na pala moja ya propela ikakatika pale karibu na Runzewe kwenye tuta. Tulipoingia msitu wa kuelekea Lusahunga nikawaza kwamba hapa zamani mabasi yalikuwa yanapita kwa kusindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi, na mimi leo mali yangu ya thamani ni kopo la mafuta.

Nikafika Biharamulo jioni. Babu barazani. Nikamwamkia, akaitikia akiangalia pembeni kidogo ya nilipo. Nikajua. Bibi akanionyesha kwa mkono, kwa kificho: la kulia nalo limebaki kuona mwanga tu.

Nilichelewa kama miezi miwili hivi.

Sikujua la kusema, nikamwekea ndege mapajani. Akatulia. Halafu mikono ikaanza kutembea. Alianza mkiani, akapanda nao, akasema "mkia wake." Akaja mgongoni, akashuka mlango wa nyuma, akaufungua kwa kucha, akacheka. Akaenda kwenye bawa, na mimi nikakaza roho, kwa sababu bawa la Karibu lina siri: linatoka mwilini likishuka kidogo mpaka kwenye injini, halafu kutoka hapo linapanda. Nilikuwa nimelikunja hivyo kwa rula na protrakta. Kidole chake kikafika kwenye lile kunjo, kikasimama, kikarudi, kikapita tena. "Umelikumbuka," akasema. Wadau, hapo nilikuwa tayari kupokea shahada.

Akafika kwenye injini. Akashika ile pua ndefu, akaizungusha, akaipapasa mpaka mwisho.

"Hiki ni kichupa cha dawa yangu."

"Ndiyo Babu."

Akacheka kweli kweli, mpaka Bibi akaja kuangalia. Halafu akauliza ni injini gani. Nikamwaga hotuba yote: PT6, uzito, mafuta ya jeti, mkia, 1991, Gimli. Alisikiliza bila kunikatiza, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi anayejua jibu. Nikamaliza. Akasema hoja ni nzuri, na kwamba kuna mwenzake mmoja, marehemu sasa, ambaye angefurahi sana, maana alikuwa anasema hivyo hivyo mwaka 1975 kila mtu akimcheka. Akawa anaivuta injini taratibu, kama anajaribu jino linalotikisika.

"Umeifunga na nini?"

"Na gundi, Babu."

Akaacha kuvuta. "Injini haigundishwi. Injini inafungwa kwa bolti, ili ifunguliwe."

Nikaanza kujitetea kwamba ni mfano tu, haitaruka. Akasema anajua haitaruka, yeye si mtoto. Lakini akanieleza usiku mmoja kwenye kiwanja cha vumbi, silinda moja imekufa, na asubuhi ndege inatakiwa kuondoka. Waliivua silinda ile chini ya bawa, mtu mmoja anashika tochi, wakaweka nyingine. Tochi ikazima betri kabla hawajamaliza. "Nati za mwisho nilizifunga gizani," akasema, "kwa vidole. Sikukosea hata moja." Akanyamaza kidogo. "Sasa hii yako nitaifanyia nini mimi? Nimeshaishika. Imekwisha."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimetumia muhula mzima kuchagua injini sahihi, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja atakayeipokea atafanya nini na mikono yake. Nilichagua kama mtu anayejibu mtihani. Yeye na wenzake walibishana miaka yote ile bila mshindi, na mimi nilikuja kufunga mjadala kwa supaglu.

Asubuhi nikaomba radhi, nikaaga, nikaibeba ndege kwenda nayo Ngara. Siku tisa zilizobaki za likizo sikufungua daftari hata moja. Nilizikata injini zote mbili kwa msumeno mdogo. Nikaweka ubao mgumu mbele ya kila boneti la bawa, nikatoboa matundu matatu, nikapitisha bolti ndogo za redio mbovu zilizokuwa kwa fundi pale Rulenge, na nati zake. Nati nilichagua zile zinazoshikika kwa vidole. Kila injini nikaitolea matundu matatu yale yale, kwa kipimo kimoja, ili yoyote ikae popote. Kwenye ndege halisi ndivyo ilivyo pia: injini nzima inang'olewa pamoja kwenye ukuta wake, inafungwa nyingine.

Halafu nikatengeneza injini zote za ubishi. PT6 mbili zilikuwepo. Dart mbili, nyembamba, kwa bomba la mwanzi. T64 mbili, nene, kwa heshima ya mtoto wa Tukuyu. Cyclone mbili za silinda tisa. Na R-2000 mbili, ambazo zilinichukua siku nne: kizibo cha soda kwa mbele, ndani vijiti 14 vya kiberiti, saba mbele na saba nyuma, kila kimoja kimezungushiwa uzi kiwe na mikwaruzo kama silinda ya kweli. Mama, aliyekuwa bado na hasira ya kopo, alipita, akatazama, akaondoka, akarudi na lile kopo la pili akaniwekea mezani bila kusema neno.

Nikarudi kupitia Biharamulo. Nikampa Babu ndege haina injini, na boksi la viatu lenye injini kumi na nati. Sikueleza kitu. Akatia mkono kwenye boksi, akatoa moja, akaipapasa, akaiweka kando: "Dart." Nyingine: "Hii nene ndiyo ya Buffalo." Cyclone alizihesabu silinda, tisa, akazirudisha kwa dharau kabisa, nikafurahi kwamba tunakubaliana. Alipofika kwenye R-2000 alihesabu mpaka 14 na hakusema jina lake. Akaizungusha propela kwa kidole, taratibu, mara kadhaa.

"Unatoa oili, Babu?"

"Lazima," akasema. "Imelala usiku kucha."

Akazifunga zote mbili mwenyewe, nati sita, barazani, jua likiwa limeshazama na Bibi akitafuta swichi ya taa. Moja ilimponyoka ikadondoka chini, nikainama kuiokota, akanizuia. Akaitafuta mwenyewe kwa mguu.

Basi nikapanda gari la kurudi Dar, nikakuta matokeo, nikakuta sapu. Mwezi wa tisa nitakaa nayo, na kwa mnaojua mtihani wa Themo ukoje, niombeeni. Angalau swali la turbini sitalikosa.

Kila Jumapili jioni nampigia. Baada ya salamu namuuliza, "Leo imevaa nini?" Wiki iliyopita ilikuwa na Dart. Jana alisema ameweka T64 kulia na R-2000 kushoto, anataka kujua mwanafunzi wa uhandisi anasemaje kuhusu mkia. Nilimwambia mkia umezidiwa. Akasema hata yeye anaona hivyo, lakini aliweka ili asikie nitasemaje.

Haya, nawaaga. Mwenye desa za Themo za mwaka jana anitafute.